Kinywa cha mwembe: shajara ya mradi wa sauti, Mtwara

Agosti 12

Mradi huu umezaliwa na neno moja: chitabu. Kijana aliyeripoti kidato cha tano mwezi uliopita, mtoto wa Tandahimba, alisimama kusoma aya. Alipofika kwenye "kitabu changu" akatamka kama wanavyotamka kwao, darasa zima likaangua kicheko. Alimaliza aya, akaketi, na tangu siku ile mkono wake haujanyanyuka tena.

Kicheko nilikikemea. Jioni nikabaki najiuliza nimefundisha nini miaka yote hii. Kila mwaka nachora ubaoni kichwa kilichokatwa ubavuni, naandika ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi, koromeo. Wanafunzi wananakili, wanakariri kwamba /k/ ni kipasuo si ghuna cha kaakaa laini, wanapata alama zao. Lakini darasa linalojua yote hayo kwa kichwa halikuweza kumwambia mwenzao ulimi wake ulifanya nini kati ya ki na chi. Lilichoweza ni kucheka.

Kwa hiyo nataka kichwa cha mti chenye ulimi unaosogea, wakishike kwa mikono yao. Nataka mirija mitano itoe irabu zetu tano. Na nataka kila mmoja aone kinywa chake mwenyewe kwa ndani. Muda ni hadi siku ya wazazi, mwanzoni mwa Oktoba. Fedha ni ya mfukoni mwangu, basi vifaa ni vya kuokota kwanza, vya kununua baadaye.

Agosti 16

Nimekwenda kwa mchongaji mmoja, Mmakonde wa Newala anayefanyia kazi hapa mjini. Nilikuwa nimeshaamua mpingo. Akanikatalia kistaarabu: "Mwalimu, mpingo ni wa kutazamwa. Hiki kitu chako kinataka kushikwa, kutobolewa, kukosewa na kurudiwa. Chukua mwembe." Tena mpingo mweusi mno, akasema, mtoto wa dawati la nyuma hataona mwanya wowote. Nikakubali.

Hata hivyo mpingo haukunitoka kichwani njia nzima. Mti huohuo wa misitu ya kusini ndio unaotengenezewa klarineti na oboi, ala za kupuliza, na klarineti ni somo zima la fonetiki, elimu ya sauti za usemi. Mpigaji anatoa hewa, kijibanzi cha tete kinatetemeka, mwanzi wa mpingo unaupa ule mtetemo sura. Kwetu hewa inatoka mapafuni, kinachotetemeka ni nyuzi za sauti ndani ya koromeo, na mwanzi ni koo, kinywa na pua. Kwa mwanamume mzima nyuzi hizo hugongana kama mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200, kwa mtoto zaidi ya hapo. Peke yake mlio huo ni kama wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Neno linaumbwa juu yake, na mwanzi wetu ni wa nyama, unageuka umbo mara kadhaa kabla neno moja halijaisha.

Fundi alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu amewahi kuliuliza: kwa nini kwenye mchoro pango la pua limeungana na koo? Nikamuuliza, ukicheka huku unakunywa maji, yanatokea wapi? Akashika pua. Tukaelewana.

Agosti 23

Nusu ya kwanza ya kichwa imefika. Paa la kinywa limepinda vizuri, na nyuma ya meno ya juu fundi ameacha kile kigongo cha ufizi. Nilipomsifu akaniambia hakukitoa kwenye mchoro: alikuwa akipitisha ulimi wake mwenyewe mle ndani huku mkono unaendelea na patasi.

Ulimi wa mti ulishindikana, haupindi. Nimeuchonga kwa wembe kutoka kandambili kuukuu, tabaka tatu zilizogundishwa, na ndani nimepitisha nyaya mbili za breki za baiskeli. Waya wa mbele unainua ncha hadi ufizi: hapo ndipo /t/, /d/, /n/, /l/. Waya wa nyuma unainua shina hadi kaakaa laini: hapo /k/, /g/ na ng' ya ng'ombe.

Kaakaa laini lenyewe nililitengeneza kwanza kwa ngozi ya mbuzi. Baada ya siku mbili ilikauka, ikakakamaa, ikabaki wazi. Yaani kichwa chetu kikawa kinasemea puani kila kitu. Sasa nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli, kinapanda na kushuka sawasawa. Lakini ile ngozi iliyoharibika imenipa zoezi la Jumatatu, nalo ni la kubana pua. Bana pua useme "sasa": hakuna kinachobadilika, maana kaakaa laini limepanda na kuziba njia ya juu, hewa yote inapita kinywani. Bana pua useme "mama": linatoka kama "baba". Midomo ya /m/ na ya /b/ inafunga mahali palepale, nyuzi zinatetemeka kwa zote mbili. Kinachozitenganisha ni mlango mmoja wa nyama huko nyuma, uko wazi au umefungwa.

Agosti 30

Leo tulikuwa na mirija, na leo ndiyo siku nitakayoikumbuka.

Kwanza hesabu, nami niliifanya ubaoni pamoja nao. Kutoka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, kwa mwanamume mzima, ni kama sentimita 17. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Mrija uliozibwa upande mmoja na wazi upande mwingine hupendelea wimbi lenye urefu mara nne ya mrija, kwa hiyo 340 gawanya kwa 0.68, jibu mitetemo 500 kwa sekunde, halafu 1500, halafu 2500. Mrija mnyoofu wa sentimita 17 unatoa irabu isiyo na upande, ile ya mtu anayeguna akitafuta neno. Kiswahili hakina irabu hiyo. Ili tupate zetu tano lazima mrija ubanwe mahali fulani na upanuliwe mahali pengine, na kazi hiyo hufanywa na ulimi na midomo.

Vifaa: bomba la plastiki la nusu inchi na la inchi moja na nusu, mabaki ya fundi bomba. Nyuzi za sauti ni mpira wa puto uliotandazwa kwenye mdomo wa bomba na kupasuliwa kijistari katikati. Mapafu ni tyubu ya toroli iliyojazwa upepo, mwanafunzi mmoja anaikalia taratibu. Ukivuta mpira ukakaza, mlio unapanda; ukilegeza, unashuka. Hivyo ndivyo koromeo linavyopandisha na kushusha sauti, na hilo halikuhitaji maelezo.

Irabu a tuliitengeneza hivi: sentimita 8.5 za bomba jembamba upande wa nyuzi, sentimita 8.5 za bomba pana upande wa mdomo. Ndivyo kinywa kinavyokaa tunaposema a, ulimi umelala chini, shina lake limerudi nyuma na kulibana koo, mbele kumebaki ukumbi mtupu. Kijana akakalia tyubu. Bomba likasema "aaa". Sauti ya kukwaruza, kama mwanambuzi mwenye mafua, lakini a. Darasa zima lilisimama.

Kisha binti mmoja wa Nachingwea akaombwa arudie, akachomeka bomba kinyume, pana nyuma na jembamba mbele. Nilitaka kumsahihisha. Kabla sijafungua kinywa, bomba likasema "iii".

Bomba lilelile, plastiki ileile, limegeuzwa tu. Tunaposema i, ulimi unapanda mbele karibu kabisa na kaakaa gumu na kuacha kijia chembamba, huku nyuma koo limepanuka. Ni a iliyogeuzwa. Nimefundisha "irabu ya mbele juu" na "irabu ya kati chini" miaka yote bila kuona kwamba hizo mbili ni sura mbili za kitu kimoja. Niliwaachia wageuze na kugeuza hadi kengele ya chakula.

Mwishoni niliwasimulia habari ya Christian Gottlieb Kratzenstein, ambaye mwaka 1779 alitengeneza mirija ya namna hii kujibu swali la shindano la chuo cha sayansi cha St Petersburg. Irabu alizotakiwa kuzitoa zilikuwa tano: a, e, i, o, u. Nikaulizwa mara moja na mtoto wa dawati la mbele, "Kwa hiyo alikuwa anajua Kiswahili?" Hapana, lakini mirija yake ingetufaa bila kubadilisha chochote kwenye orodha.

Septemba 6

Siku ya mkaa. Njia hii hutumiwa na wanafonetiki wa nyanjani hadi leo: unapaka ulimi mchanganyiko wa mkaa na mafuta, mtu anatamka neno moja tu, anafungua kinywa, unaingiza kioo na kusoma mahali ulimi ulipogusa. Wao hutumia mafuta ya zeituni. Sisi tulisaga mkaa wa vifuu, tukauchekecha mara mbili kwa kitambaa, tukauchanganya na mafuta ya nazi. Kila mtu na kijiti chake cha pamba. Vioo viwili vidogo vilioshwa kwa maji ya moto na sabuni kila mara, mwanga ni tochi ya simu.

Kioo kidogo kina heshima yake katika somo hili. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji Manuel García alijiingizia kioo cha daktari wa meno kooni, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Mwalimu wa kuimba, si tabibu. Huwa napenda kulitaja hilo.

"Tata" iliacha ukanda mweusi nyuma ya meno ya juu, juu ya ufizi. "Chacha" iliacha doa pana zaidi, limerudi nyuma ya ufizi na kuanza kupanda kwenye kaakaa gumu. "Kaka" haikuacha kitu kinachoonekana. /K/ iliyo kabla ya a inagusa mbali huko nyuma, kioo hakifiki. Kisha nikawaambia waseme "kiki". Mkaa ukaonekana: michirizi miwili, mmoja kila upande, kandokando ya magego, imesogea mbele.

Nikawauliza nani amewaambia waipeleke /k/ mbele. Hakuna. Irabu i inakaa mbele juu, kwa hiyo ulimi unaoiandalia mahali unaikokota na /k/ pia. Kutoka hapo hadi pale mkaa wa "chacha" ulipoanzia ni safari ya sentimita chache.

Ndipo nikaandika ubaoni: kitabu changu. Nikauliza, changu imetoka wapi? Kwenye ngeli ya KI-VI kivumishi ni ki- na -angu. Mbona hatusemi kiangu? Kukawa kimya. Nikaongeza ki- na -akula, ki- na -ombo, ki- na -umba, ki- na -eo. Chakula, chombo, chumba, cheo. Kila aliyecheka siku ile ya aya alikuwa akisema ch mahali palipokuwa ki, katika neno la pili la fungu lilelile alilolichekea neno la kwanza. Kiswahili kimefanya hivyo mara nyingi pale ki- inapofuatwa na irabu nyingine. Chimakonde, Chiyao na Chimwera zimefanya hivyo kwa kiambishi kizima, ndiyo maana zinajiita hivyo, na ndiyo maana hapa Mtwara tuna Chikongola na kule Masasi wana Chiungutwa.

Sikumtazama kijana wa Tandahimba, nisimfanye maonyesho. Katika mtihani ataandika na kutamka kitabu, hilo nimemwambia pembeni na analijua. Lakini alipomaliza kusukutua alikuja kuniomba kioo, akaenda nacho dirishani, akasema "kitabu", akatazama, akasema "chitabu", akatazama, mara nyingi sana, ulimi mweusi kama wa twiga.

Septemba 13

Mikindani, kwa mzee mmoja wa majahazi. Kazaliwa na kukulia Mombasa, anasema Kimvita, lahaja ya huko, kaoa huku, hakurudi. Nilikwenda na wanafunzi wanne na simu ya kurekodia. Baada ya shikamoo na kahawa nilimwomba aseme paa la nyumba, kisha paa mnyama wa porini. Katika tahajia yetu ni neno moja. Kinywani mwake ni mawili: la mnyama linatoka na pumzi, nililiona likipeperusha karatasi aliyoshikiwa mbele ya midomo, la nyumba linatoka kavu, karatasi imetulia. Akatupatia na kaa la moto na kaa wa pwani, vivyo hivyo, wa pwani ndiye mwenye pumzi.

Watatu kati ya wanafunzi wangu hawakusikia tofauti yoyote mpaka walipoiona kwenye karatasi. Wa nne, binti wa Masasi, aliisikia papo hapo na akawa anakisia kwa macho yaliyofumbwa bila kukosea. Yeye nyumbani wanasema Kimakua. Lugha hiyo haina /b/, /d/ wala /g/ zake za asili, na ndiyo maana wenzake humtania kwamba humwita baba yake papa. Lakini Kimakua kinatenganisha /p/ kavu na /p/ ya pumzi, /t/ kavu na ya pumzi, /k/ vilevile. Sikio lake limelelewa kwa pumzi. Mzee alimpa mkono, akamwambia, "Wewe mjukuu wangu wasikia Kimvita kuliko hawa."

Ndani ya daladala hakuna aliyemtania.

Septemba 20

Wiki mbovu. Puto tano zimepasuka. Mrija wa u umekubali baada ya kufunga mdomo wake kwa kifuniko cha chupa kilichotobolewa tundu dogo, maana u haiwezi kuwa u bila midomo kuviringwa. O imefuata kwa tundu kubwa zaidi. E inakataa, kila tukiirekebisha inarudi kuwa i au inadondokea kwenye ile irabu isiyo na jina.

Septemba 27

Kompyuta ya shule ilipatikana kwa saa mbili. Nilikuwa nimeshaipakua Praat, programu ya bure ya kuchora na kupima sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, jina lake kwa Kiholanzi ni "sema". Tuliingiza sauti za wanafunzi na za mabomba. Irabu zinaonekana kama mistari mizito iliyolala, ndiyo formanti, ile mitetemo ambayo mrija huipendelea. Ya i miwili ya kwanza imeachana mbali, mmoja chini mmoja juu. Ya a imekaribiana. Ya u yote miwili iko chini. Bomba letu na kijana aliyelikalia walitoa michoro inayofanana kiasi kwamba binti wa Nachingwea alidhani nimefungua faili moja mara mbili.

Tulimalizia na jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilikuwa nafundisha /b/ kama kipasuo cha kawaida, hewa inasukumwa nje. Mmoja akauliza mbona akisema "baba" na kidole kikiwa kwenye lile fundo la shingoni, fundo linashuka. Tukajaribu wote. Kweli linashuka. Kwa Waswahili wengi /b/ ya baba, /d/ ya dada na /g/ ya gogo huteremsha koromeo. Kinywa kinapanuka kwa ndani, na midomo ikiachia, hewa kidogo inavutwa kuingia. Halafu wakajaribu "mbuzi", "ndizi", "ngoma". Fundo halikushuka. Baada ya nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, sauti inarudi kuwa kipasuo cha kawaida. Wametamka hivyo tangu wana miaka miwili na hakuna aliyewafundisha. Walitoka darasani vidole bado viko shingoni.

Oktoba 4

Siku ya wazazi. Kichwa cha mwembe kilikuwa mezani, nusu mbili zimeunganishwa kwa bawaba, ulimi wa kandambili umepakwa rangi nyekundu. Fundi alikuja na watu wa kwake na akasimama nyuma muda wote, mikono mgongoni, akitazama watu wanavyovuta waya.

Mama mmoja alinisogeza pembeni. Ana mtoto mdogo anayesemea puani, na nyumbani wazee wanashauri akatwe kilimi. Nilimrudisha mezani. Nikamwonyesha kilimi kinavyoning'inia kama mkia mwishoni mwa kaakaa laini, na kwamba anayefunga mlango wa pua ni kaakaa lenyewe. Nikalishusha lile la tyubu, nikamwomba atazame njia ilivyo wazi. Kukata mkia hakufungi mlango, na kunaweza kumwaga damu nyingi au kuleta maambukizi. Ampeleke mtoto hospitali wamtazame kaakaa, huenda lina mpasuko uliofichika. Alivuta waya mwenyewe mara tatu, kisha akapiga simu nyumbani palepale. Kwa kitu hicho kimoja kazi ya miezi miwili imenilipa.

Aliyekuwa akieleza ki na chi kwa wageni ni kijana wa Tandahimba. Aliomba mwenyewe. Alianza kwa sauti ya chini, mkono kwenye waya wa nyuma, akausogeza ulimi mbele kidogo kidogo huku akisema ka, ki, chi, na kila mara akisubiri ulimi wa kandambili ufike kabla hajatamka.

Mrija wa e bado haujasema. Kijana huyo anadhani sehemu nyembamba ni ndefu mno na inataka kupunguzwa kama sentimita mbili. Ameondoka nao kwenda bwenini, pamoja na msumeno mdogo na puto mbili za mwisho.